Mwani Hautaulizwa

Samaki wanapokufa kwa wingi ziwani, maneno ya kwanza mwaloni ni yale yale: kazi ya Mungu. Maneno ya pili hutegemea anayesema. Mmoja atasema kuna mtu katia sumu. Mwingine atamtaja jirani ambaye vizimba vyake vya samaki vimesalimika, na atamtaja kwa sauti ya chini. Wa tatu atakilaumu kiwanda, wa nne serikali. Nimeyasikia yote hayo asubuhi moja katika mwalo mmoja wa hapa Mwanza, watu wakiwa wamewazunguka sato waliogeuza matumbo juu, samaki waliobakiza wiki chache tu wavunwe.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, na mwisho wa juma nafundisha watoto madrasa. Mwenye vizimba, mzee ninayemheshimu, aliipokea shikamoo yangu akiwa bado ameshika wavu, kisha akaniuliza mbele za watu: "Ustadha, wewe unasoma vitabu vya pande zote mbili. Hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu au ni mkono wa mtu?" Nilimpa pole nikaishia hapo. Mtu aliyepoteza mtaji wake wote usiku mmoja hapewi darasa. Lakini swali lake ni la kweli, wanazuoni wamelibishania karne nyingi, na naamini kemia ya maji ya ziwa hili inasaidia kulijibu kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na maji. Mwani ninaouzungumzia si ule unaolimwa Zanzibar. Ni viumbe vidogo vya kijani ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja, ila vikijazana, maji ya ghuba huwa mazito, na mkono ukiutoa majini unateleza. Mchana mwani huvuta hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, huiunganisha na maji kwa nguvu ya jua, hutengeneza sukari na kuachia oksijeni. Huo ndio usanisinuru. Upumuaji ni safari hiyo hiyo ikirudi nyuma: sukari huvunjwa kwa oksijeni, nguvu hupatikana, hewa ya ukaa hurudi majini. Kila chenye uhai ziwani kinapumua usiku na mchana: samaki, konokono, bakteria wanaoozesha mizoga na majani, na mwani wenyewe. Mchana usanisinuru huuzidi upumuaji, kwa hiyo upungufu hauonekani. Jua likizama, anayetoa ananyamaza na wanaochukua wanaendelea wote.

Hewa ya ukaa ikiyeyuka majini hufanya asidi dhaifu, ile ile inayowasha ulimi ukinywa soda. Mwani ukiinyonya, asidi hupungua na pH hupanda. Katika ghuba iliyojaa mwani inaweza kuvuka 9 ikifika alasiri. Usiku hewa hiyo hurudi na pH hushuka. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huliona hili kwa dawa iliyomo karibu katika kila maabara ya shule, ile tunayoiita POP, ambayo hugeuka waridi pH ikipanda. Tunachota maji ya ghuba saa tisa alasiri, tunadondosha matone mawili matatu, na maji yanageuka waridi hafifu. Maji ya mahali pale pale yakichotwa kabla ya alfajiri na kupimwa papo hapo, hayageuki rangi. Hakuna aliyetia kitu. Usiku umepita juu yake na viumbe vimepumua.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la chupa mbili. Wanasayansi wa Norway, Gaarder na Gran, walilieleza mwaka 1927, na halihitaji umeme. Unachota maji mahali pamoja, unajaza chupa za kioo mpaka pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa. Moja inaachwa wazi kwa mwanga. Nyingine inavikwa karatasi ya foili na kuzungushiwa solotepu nyeusi mpaka mwanga usipate pa kupenya. Zinafungwa kwenye kamba moja, zinashushwa mita moja chini ya maji, zinaachwa humo saa kadhaa. Chupa ya tatu hupimwa pale pale ufukweni ili ujue ulianzia wapi. Ndani ya chupa angavu mwani unatengeneza oksijeni na kupumua. Ndani ya chupa ya giza unapumua tu.

Kuipima oksijeni tunatumia njia aliyoichapisha Mhungaria Lajos Winkler mwaka 1888. Unatia chumvi ya manganizi, unafuatisha mchanganyiko wa iodaidi na alkali, unaziba, unaipindua chupa juu chini. Hapo darasa zima hunyamaza. Maji yakiwa na oksijeni, wingu la kahawia hutokea ndani ya chupa na kuanza kutua taratibu. Yakiwa hayana, wingu ni jeupe. Kisha unatia asidi ya salfuriki, wingu linayeyuka na kuacha rangi ya dhahabu, unaanza kuitaitreti kwa thiosalfeti, unaongeza uji mwepesi wa wanga karibu na mwisho, na tone moja linaifuta buluu yote kwa mpigo. Unachosoma kwenye bureti kinakupeleka kwenye miligramu za oksijeni. Nina mwanafunzi aliyekuwa akichukia hesabu. Nilimkuta akirudia taitresheni ile ile baada ya kengele kulia, kwa hiari yake, kwa sababu namba ya chupa ya giza ilikuwa ndogo mno na hakutaka kuisingizia. Neno hilo la kusingizia alilisema mwenyewe, nami nimelitunza.

Chupa ya giza hutoka na oksijeni kidogo kuliko iliyoingia nayo. Mwani ni ule ule, siku ile ile, kina kile kile. Kilichotofautiana ni mwanga.

Sasa tazama akiba yenyewe ilivyo ndogo. Lita moja ya hewa tunayovuta hapa Mwanza ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu ni ya nyuzi 25 hivi. Lita moja ya maji hayo ikishiba oksijeni hushika kama miligramu 7 tu. Samaki wengi huanza kuhangaika zikishuka chini ya 3. Sato ni mvumilivu, sangara hana uvumilivu huo, kamongo hupanda juu akavuta hewa kwa mapafu yake. Kizimba kilichojaa samaki, na chini yake chakula kilichobaki na kinyesi vikioza, kinaishi kwenye ukingo. Zikija siku za mawingu zisizo na upepo, mwani hutoa kidogo mchana, wote huchukua usiku, na maji ya juu hayakorogwi na hewa. Saa mbaya kuliko zote ni ile ya kabla jua halijatoka. Dhoruba nayo ikipiga ghafla inaweza kuyainua maji ya chini yasiyo na oksijeni kabisa, samaki wakakosa pa kukimbilia. Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wakubwa walielea upande wa Uganda, Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga, na wizara ya kilimo ya huko ilieleza kuwa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Hao hata kizimbani hawakuwamo.

Mtu akifika hapa anaweza kuanza kuugawa mwani: mchana mwema, usiku mbaya. Kemia inakataa. Samaki hutoa amonia majini. pH ikiwa ya chini, karibu yote hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halidhuru sana. pH ikipanda kwa sababu ya usanisinuru, sehemu kubwa zaidi hugeuka amonia yenye sumu. Kwa hiyo saa ile ile ya alasiri ambayo mwani unawamiminia samaki oksijeni, unawanolea na sumu. Kitendo ni kimoja, na ndani yake huwezi kutenga rehema upande huu na dhara upande ule.

Ndipo swali la mzee linapopata uzito wake wote. Ikiwa samaki wale waliuawa na mlolongo wa sababu, mawingu, upepo uliotulia, mwani uliopumua, bakteria wa matopeni, basi Mwenyezi Mungu tunamweka wapi katika mlolongo huo? Na ikiwa ni Yeye aliyewafisha, mlolongo una kazi gani?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishika upande mmoja kwa ukali. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alitoa mfano wa pamba na moto. Tunaona pamba ikiungua inapoguswa na moto, lakini tunachokiona ni mambo mawili yakifuatana. Ulazima wa kuyafunga pamoja hatuuoni. Anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, na moto hauna uwezo wake wenyewe. Ibn Rushd, kadhi na tabibu wa Cordoba aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa kitabu kizima: anayekanusha sababu anaikanusha akili, kwani kukijua kitu ni kukijua kwa sababu zake.

Wengi wetu tuliosoma madrasa tulilelewa kumtukuza wa kwanza na kumtilia shaka wa pili, na vijana wa chuo kikuu hufanya kinyume. Naona pande zote mbili zinamsoma Ghazali nusu. Katika utangulizi wa kitabu kile kile aliandika kwamba mtu anayebishana na wanafalaki juu ya kupatwa kwa jua na mwezi, akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini, maana hesabu zao zimethibitika. Kwake yeye ada ya Mwenyezi Mungu katika viumbe Vyake ni imara kiasi cha mtu kuweza kuijengea hesabu. Mimi binafsi naegemea kwa Ibn Rushd. Nikishika chupa ya giza sioni namna ya kusema kwamba mwani haukufanya kitu. Lakini oksijeni ikipungua kwa tabia iliyotiwa ndani ya mwani, au ikipunguzwa na Mola mwenyewe nukta kwa nukta kwa ada Aliyoipenda, bureti itasoma namba ile ile. Mabishano yao ni makubwa na yana haki ya kuendelea. Hakuna upande wowote ndani yake unaompa mtu ruhusa ya kuacha kupima.

Kuna aliye juu ya wote wawili. Siku Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume wetu (S.A.W.), alipofariki Madina, jua lilipatwa. Watu wakaanza kusema jua limepatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume. Fikiria ilivyokuwa rahisi kunyamaza: baba amefiwa, umma umeshaamini, mbingu yenyewe inaonekana kuomboleza naye. Hakunyamaza. Alisali na watu sala ndefu, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Kila nikiwafundisha watoto kisa hiki napata tabu kuendelea, kwa sababu najua ni mara ngapi sisi, kwa msiba mdogo kuliko ule, tumeipa mbingu maneno ambayo haikuyasema. Jambo linaweza kuwa ishara ya Mungu bila kuwa ujumbe juu ya fulani. Sala ilibaki palepale. Kilichokatazwa ni kusingizia.

Na kusingizia huku kwetu kunaua. Kanda ya ziwa imewazika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Sababu haikutafutwa, alitafutwa mtu. Ndiyo maana mfugaji akimtaja kwa mnong'ono jirani ambaye samaki wake hawakufa, moyo hunidunda. Jirani yule amevitia vizimba vyake nje zaidi, kwenye kina na mkondo, mahali ambapo maji hubadilishana usiku kucha. Siri yake yote ni hiyo, na kamba yenye fundo kila mita pamoja na jiwe mwishoni vinatosha kuifichua.

Kupima pia huonyesha pale ambapo hakuna wa kulaumiwa kabisa. Katika Mto Mara, upande wa Kenya, wamo viboko zaidi ya 4,000. Usiku hula nyasi nchi kavu, mchana hushinda kwenye madimbwi ya mto wakijisaidia humo. Kinyesi hulundikana chini, bakteria hukila na kupumua mpaka oksijeni ya maji ya chini inakwisha. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, mto husomba maji hayo yote kwa mpigo kwenda chini, na samaki hufa. Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walichapisha habari hizo mwaka 2018, baada ya kuupima mto huo miaka kadhaa. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, halina oksijeni kabisa chini ya mita 100 hadi 200 hivi. Sehemu kubwa ya maji yale mazuri haiwezi kukaliwa na samaki, na hakuna binadamu aliyesababisha hilo. Mtu akisema hapo kwamba ni kudra, mimi nitaitikia kwa moyo wote.

Machi 2022, upande wetu wa Tanzania, maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ikatangaza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza ndivyo vilivyomaliza oksijeni. Watu wengi walikataa katakata. Sishangai. Kwa asiyejua kwamba bakteria hupumua, kusikia kinyesi cha ng'ombe kimeua samaki wa mto mzima ni sawa na kutukanwa. Namba zilikuja baada ya msiba, zikisomwa na watu wasiojulikana kijijini, kuhusu maji ambayo wanakijiji hawakuwahi kufundishwa kuyapima. Ushahidi una adabu zake, na moja ni kwamba shahidi ajulikane. Lau mtoto wa shule ya kata wa pale ufukweni angekuwa na daftari la oksijeni la miezi iliyotangulia, mazungumzo yangekuwa mengine, hata kama mwisho wake ungekuwa kutokubaliana.

Ziwa Viktoria lina daftari la namna hiyo, ingawa lina kurasa nyingi zilizochanika. Mwaka 1960 na 1961 Mwingereza Jack Talling alilipima mwezi baada ya mwezi, kutokea Jinja. Aliona jinsi linavyojitenga tabaka katika miezi ya joto ya mwanzo wa mwaka, na jinsi pepo za kusi na baridi ya Juni mpaka Agosti zinavyolikoroga hadi chini na kuirudisha oksijeni. Takriban miaka 30 baadaye Robert Hecky na wenzake walipopima tena, mwani ulikuwa umeongezeka mno, na maji yasiyo na oksijeni yalikuwa yameenea zaidi, yamepanda juu zaidi, na yanadumu muda mrefu zaidi. Viboko hawakuongezeka hivyo katika miaka hiyo. Tuliongezeka sisi, pamoja na mashamba yetu na vyoo vyetu.

Hapo ndipo jibu langu kwa mzee linapoanzia. Fiqhi huuliza kwanza nani anabebeshwa jukumu: aliyebaleghe, mwenye akili, aliyefikiwa na ujumbe. Kiboko hayumo. Upepo haumo, bakteria hawamo. Siku ya Hesabu mwani hautaulizwa kwa nini ulipumua. Katika mlolongo wote ule, tangu wingu mpaka tumbo jeupe la sato, kuna pete moja tu itakayosimamishwa na kuulizwa, nayo ni yule aliyeweza kutenda vingine. Kusema "kazi ya Mungu" juu ya mlolongo mzima ni kweli kwa namna ambayo kila jambo ni kazi ya Mungu. Lakini likisemwa mapema, kabla ya kujua pete ipi ni yetu, linakuwa njia ya kujificha nyuma ya Mola. Naliogopa hilo kuliko ninavyoogopa kufuru ya wazi, kwa sababu hili huvaa kanzu.

Ugumu unabaki: pete yetu imegawanyika. Mwani hulishwa na fosforasi na naitrojeni, na njia za kuingia kwake ziwani ni nyingi. Mtanzania Rashid Tamatamah na wenzake walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, kwamba fosforasi inayoshuka ziwani kutoka angani, pamoja na mvua na vumbi, ni sehemu kubwa sana ya yote inayoingia. Vumbi la udongo uliokosa nyasi, majivu ya mashamba na mapori yaliyochomwa. Mtu anawasha moto kiangazi mbali na ziwa, mahali ambapo hata kunguru wa ziwani hafiki, na majivu yake yanakuja kuulisha mwani mbele ya kizimba cha mtu asiyemjua. Ongeza choo kilichochimbwa ufukweni, mbolea iliyosombwa na mvua, chakula cha samaki kilichomwagwa kwa kukisia. Tena maji ya chini yakikosa oksijeni, matope huiachia fosforasi iliyokuwa imeshikwa na chuma, na mwani unapata chakula upya hata kama siku hiyo hakuna aliyekosea. Hukumu ya kawaida, ya mwizi na mwibiwa, haifiki hapa. Kila mmoja akiulizwa atasema fungu lake ni dogo, na atakuwa anasema kweli.

Dini yetu lakini ilishaliona tatizo la jukumu lisilo na mwenyewe, ikalitungia faradhi ya kutosheleza. Maiti akiwepo mjini, kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika ni juu ya wote. Wakifanya baadhi, wengine wameondokewa. Asipofanya hata mmoja, mji mzima una dhambi, na hakuna atakayeokoka kwa kusema kwamba maiti hakuwa wa kwake. Ghazali huyu huyu wa pamba na moto, katika kitabu cha elimu cha Ihya, anahesabu utabibu na hesabu kuwa faradhi za namna hiyo, anataja na kilimo na ufumaji, tena anasikitika kwamba miji inakosa tabibu Mwislamu huku watu wakijazana kwenye mabishano ya fiqhi. Sioni ugumu wa kuongeza la kwetu. Mji unaokula kutoka ziwani una faradhi ya kuwa na watu wanaojua ziwa lina oksijeni kiasi gani. Asipokuwepo hata mmoja, samaki wakifa sote tuna hatia, hata kabla hatujajua nani alimwaga nini.

Na "sote" ni sote kweli. Wavuvi wengi wa mwalo wetu ni Wakristo. Mwalimu mwenzangu wa baiolojia, Mkatoliki, ndiye aliyenifahamisha kwamba sahani tunayoishusha majini kupima uangavu ina jina la padri Mjesuiti, Angelo Secchi, aliyezishusha sahani nyeupe baharini mwaka 1865 kutoka kwenye meli ya Papa. Alinieleza kwa fahari, na ilikuwa fahari ya haki.

Faradhi isiyo na vifaa hubaki hotuba. Njia ya Winkler ni nzuri kufundishia, ila asidi ya salfuriki si kitu cha kumpa mtu kwenye mtumbwi unaoyumba gizani. Kinachotakiwa ni kipimo cha mkononi chenye waya, unachoshusha kizimbani na kusoma namba papo hapo. Nimeiomba kamati ya msikiti wetu kinunuliwe kwa fedha za wakfu. Mweka hazina ana pingamizi: wakfu, anasema, ni msikiti, madrasa, makaburi na visima. Nimemkumbusha kisima cha Ruma kule Madina, ambacho Sayyidna Uthman alikinunua ili kila mtu achote bila malipo. Kisima kile kilikuwa na maji tayari kabla Uthman hajatoa dirham. Alichokinunua ni watu kuyafikia bila dhiki. Sisi ziwa tunalo, bure, upeo wa macho. Tunachokosa ni wa kuliangalia. Mjumbe mmoja ameuliza kama ni halali wakfu wa Waislamu uwanufaishe wafugaji wasio Waislamu. Nimemjibu kwamba maji ya kizimba kimoja hupita kizimba cha pili yakiwa hayajauliza dini ya mwenyewe, na Uthman hakuweka mlinzi kisimani. Hawajapitisha. Wameahidi kulijadili tena baada ya Ijumaa.

Zamu nimependekeza wapewe wanaoamka tayari: muadhini wetu, na akina mama wa dagaa wanaoshuka mwaloni kungali giza kuipokea mitumbwi ya karabai. Saa yao ndiyo saa oksijeni inapokuwa chini kuliko zote. Kazi yenyewe ni kushusha waya, kusoma, kuandika daftarini tarehe, kina na namba, na kuwaamsha wenye vizimba ikibidi, ili waache kulisha, wavivute vizimba nje au wavune mapema. Akina mama wameniuliza daftari litakaa kwa nani, swali zuri, na nimeshauri likae dukani mwaloni ambako yeyote anaweza kulifungua. Muadhini amekubali zamu. Alichotaka kujua ni kama anaweza kuwagongea watu milango kabla ya adhana namba ikishuka chini ya 3. Nimemwambia agonge, na kamati ikiona vibaya iandike sababu zake kwenye daftari lile lile.